Aliyesema Karibu

Mwenyeji wa dunia ni nani? Swali hili sikulisoma popote. Shule mimi niliiona mlangoni tu. Nilijifunza kuandika jina langu na kuchunga mbuzi wa mwalimu, basi. Lilinijia lenyewe asubuhi moja, nimekaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, nakunywa uji wa mtama, jua limeniwekea mkono begani kama mtu mwenye neno la kuninong'oneza. Nikaona kwamba nimo ndani ya asubuhi, lakini asubuhi si yangu. Kuna aliyenikaribisha. Nani? Nikauliza bakuli, bakuli likanyamaza. Nikaumaliza uji, nikalamba kidole, nikaridhika hivyo hivyo bila jibu, maana uji mzuri ni uji mzuri hata kama hujui dunia ni ya nani.

Nchi yetu haina jina. Ilikuwa nalo, Wakubwa wakalichukua kwenda kulitengeneza, halijarudi. Ukituuliza mnatoka wapi, tunasema tunatoka hapa. Na hapa penyewe hapatulii. Kuna asubuhi natoka mlangoni mzee mwenye ndevu nyeupe, nikifika mtoni ni kijana ninayetafutiwa mchumba, nikirudi na ndoo kichwani nimekuwa babu yangu mzaa baba, na majirani wananisalimu kwa jina lake, hawashangai. "Shikamoo Mwinyi Kombo," wanasema, naitikia marahaba, kwani mtu akikupa heshima ya marehemu utaikataa? Wakati, kwetu, ni maji ya mtungi. Ukiutikisa, ya chini yanakuja juu. Wakubwa ndio wanaotaka wakati uwe kamba, ili wapate cha kutufungia.

Tunaitwa Wapiga Hodi. Msije mkadhani ni watu wa zamani waliovaa magome ya miti. Tuna simu. Fundi Shomvi anayetengeneza redio ni mwenzetu, na yupo mama mmoja anayeendesha bodaboda, mwendo wake unatisha. Tunachokishika ni kimoja tu, kwamba huingii penye uhai bila kupiga hodi. Mtoni, hodi. Kwenye mihogo kabla ya kuing'oa, hodi. Mzinga wa nyuki, hodi tena kwa adabu, kwa sababu wale wana majibu yao. Na pale nyuma ya nyumba zetu, yanapoishia majani mafupi na kuanza kivuli, upo Msitu, na huo hodi yake ni kubwa kuliko zote. Unavua viatu. Unaita mara ya kwanza, unangoja. Ya pili, unangoja. Ya tatu. Ukijibiwa unaingia. Usipojibiwa unageuka kwenda zako bila kinyongo. Mwenye nyumba leo hana nafasi.

Msitu una namna zake za kujibu. Jani linaanguka na upepo haupo. Ndege aliyekuwa akipiga kelele ananyamaza, kama amezibwa mdomo. Harufu ya udongo inakuja puani na mvua hakuna. Utajua tu. Anayeuliza "je, hilo lilikuwa jibu?" huyo hajajibiwa.

Na ndani ya sheria hii kuna kokwa lake: hakuna mwanadamu anayesema *karibu* kwa niaba ya Msitu. Hata awe nani. Karibu ni neno la mwenye nyumba. Ukilitamka mlangoni pa mwenzio umejifanya mwenyewe, na aliye ndani umemgeuza mpangaji. Neno dogo, silabi tatu, lakini linahamisha ukuta.

Mke wangu aliitwa Sikitu. Jina lake lilikuwa pia jibu lake. Ukimuuliza unaumwa nini, si kitu. Mbona umenyamaza, si kitu. Nilipokwenda kumposa nikajikwaa mlangoni kwao, nikaanguka na kapu la zawadi, mayai yakavunjika yote mbele ya wazee, yeye ndiye aliyetoka na kitambaa akayafuta, akasema lile lile, akanitazama. Nikajua nimeoa.

Tumbo lilipomshika mimi sikuwapo. Nilikuwa nachimba mtaro wa Wakubwa, kazi ya lazima, mtaro ambao mpaka leo haujapitisha maji hata ya kuoshea uso. Sikitu akajikongoja peke yake hadi zahanati yao, nyumba ndefu nyeupe yenye mlango wa buluu uliorudishwa. Akapiga hodi. Waliomo ndani walikuwa kwenye kikao. Akapiga ya pili. Walikuwa wanacheka kitu. Akapiga ya tatu. Mwuza karanga aliyekuwa amekaa nje ya ukuta ndiye aliyetusimulia. Hakuna aliyesema karibu, na Sikitu akageuka, bila kinyongo, kama alivyolelewa. Mtu mwingine yeyote wa dunia hii angeusukuma ule mlango. Mtu wetu hasukumi. Akarudi njia aliyojia mpaka mwisho wa majani mafupi, akavua kandambili zake akazipanga vizuri, akapiga hodi kwenye Msitu. Huko akajibiwa.

Ndivyo tunavyosema. Amejibiwa. Kufa ni neno la wenye kamba.

Desturi yetu ni kupanda mche alipojibiwa mtu. Nilimpandia mtondoo, kwa sababu ya methali aliyoipenda, kwamba mtondoo haufi maji. Yale matunda yake ya mviringo, magumu, watoto huyachezea kama gololi. Uyatupe mtoni yanaelea, uyazamishe yanaibuka. Niliupanda jioni, asubuhi nikakuta una kivuli cha kumtosha mtu na kiti chake. Au ilikuwa miaka. Sibishani na mtungi. Tangu hapo kila siku napiga hodi, najibiwa, naingia, nakaa, namsimulia habari za mtaa: nani kaolewa, mbuzi wa nani kala kanga ya nani. Halafu naondoka nimeshiba. Watu wanaponiona natabasamu barabarani wanadhani nimesamehe. Sijasamehe mtu. Furaha yangu na hasira yangu ni wapangaji wawili wa nyumba moja, kila mmoja ana ufunguo wake, na hawagombani juu ya choo.

Sasa siku hiyo ya uji, kabla sijainuka kwenye kinu, nikasikia hodi. Alikuwa Chande, tarishi wa Wakubwa. Chande ni mtoto wetu, mama yake alikuwa Mpiga Hodi hodari, ila mshahara ni mshahara. Alikuwa na ndoo ya chokaa mkononi na brashi. Nikamwambia karibu, nikampa uji uliobaki, akanywa amesimama, macho yake hayataki kukutana na yangu.

Akaeleza, mafungumafungu. Barabara itapita. Mkubwa mwenyewe atakuja kuifungua, siku ile ile tunayopokea mvua za vuli, kwa kuwa watu watakuwa wamekusanyika tayari na hakutakuwa na haja ya kuwatoa majumbani. Kutakuwa na kipaza sauti. Na mimi, kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya Msitu, nimechaguliwa kusimama pale majani yanapoishia, nimtazame Mkubwa mbele za watu, niseme neno moja.

"Neno gani?" nikamuuliza, ingawa nilishalijua.

"Karibu, baba. Hilo tu. Ukilisema, barabara itapindishwa kidogo. Usipolisema, itanyooshwa." Akameza uji. "Ikinyooka, inapita juu ya mtondoo. Wameniagiza nikaupige alama. Nimeshaupiga."

Sheria ya Wakubwa ilijulikana nchi nzima: chenye msalaba wa chokaa kinakatwa, kisicho na msalaba hakiguswi, na haulizwi mtu. Nikamuuliza Chande aliingiaje humo na ndoo ya chokaa. Akasema aliingia kama mama yake alivyomfundisha.

"Nilipiga hodi, baba. Niliomba moyoni nisijibiwe, nipate sababu ya kurudi. Nikajibiwa ya kwanza tu." Akaliweka bakuli chini. "Sijui kwa nini Msitu ulinikaribisha."

Mimi pia sikujua, na ilinikera. Mwenye nyumba gani anamfungulia mlango mtu aliyekuja kuweka alama ya kisu?

Nikaenda kwa Bi Tatu. Huyu ni mdogo wake Sikitu, shemeji yangu, na kati yetu kuna utani ambao mgeni akiusikia atadhani tunataka kuuana. Anakaanga vitumbua chini ya mti wa mkungu. Nilimkuta anageuza vitumbua kwa kijiti, moshi umemzunguka kama buibui. Nikamsimulia yote. Hakunipa pole, pole si yake.

"Shemeji," akasema, "mtu anakuuliza neno moja tu unakuja kunilalamikia? Dada yangu ulimrubuni kwa maneno mangapi?"

Nikamwambia dada yake sikumrubuni, nilimvunjia mayai. Akacheka mpaka akaunguza kimoja, akanipa hicho kilichoungua. Kisha akawa mkavu. Akasema nikisema karibu nitakuwa nimeokoa mti mmoja na kuuza Msitu mzima, kwa sababu kuanzia siku hiyo Mkubwa atawaambia watu kuwa alikaribishwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, na nikishajibiwa mimi, mwenyewe ni yeye. Na nisiposema, dada yake atakatwa mara ya pili.

"Yeye angesema nini?" nikamuuliza.

"Kwani hujui? Angesema si kitu." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi.

Basi nikaingia katika siku za kungoja, na sitasema uongo, zilikuwa siku nzuri. Ajabu ya dunia ni hiyo. Shingo yako iko kwenye kitanzi na kunguru bado anachekesha. Tulifagia njia ya kwendea mtoni. Tulisuka ukili, wanawake upande mmoja wanaimba, wanaume upande wa pili tunajifanya hatusikilizi. Fundi Shomvi alipanda juu ya bati kufunga waya wa redio, akaomba radhi kwa njiwa waliokuwa wametaga pale, akaufunga waya mbali na walipo, redio ikawa inakoroma tu mpaka leo. Nilikuwa naingia Msituni, nakaa na Sikitu, naufunika ule msalaba kwa mgongo wangu ili nisiuone. Nikifikiri. Mkubwa ni nani? Ni mtu aliyesahau kuwa ni mgeni. Sisi wote tulifika tumekunja ngumi, tunalia, uchi, hatujui jina la mtu. Huo mlio wa mtoto ni nini kama si hodi? Na kuna aliyesema karibu, tukapewa maziwa. Wengine tukakumbuka. Wengine wakakua, wakavaa makoti, wakaanza kugawa viti.

Siku ikafika. Au tuliifikia sisi, ilikuwa imekaa inatungoja.

Wapiga Hodi walikuwa wamejipanga nusu duara, na majani ya migomba ya kujikinga, na sinia za vitumbua, na watoto wamepakwa udongo mwekundu kwenye paji kama ilivyo desturi ya kupokea vuli. Wingu lilikuwa limesimama juu ya Msitu, limefura, linajizuia kama mtu anayetaka kupiga chafya msibani. Magari yakaja. Wakashuka watu wenye makoti, wakatandika zulia jekundu juu ya majani, hawakuyaomba radhi majani. Mwishoni akashuka Mkubwa. Chande akamfungulia mwavuli mweusi.

Nilikuwa nimesimama mahali pangu, miguu peku, kipaza sauti mbele yangu kama nyoka aliyesimama kwa mkia. Mkubwa akaja hadi mwisho wa zulia. Kati yetu palikuwa na unyasi mmoja mrefu.

Nikamtazama. Na hapo mtungi ukatikisika, maana uso wake ulikuwa uso wangu. Pua ile ile. Lile kovu la nyusi nililolipata kwa kuanguka kwenye mkorosho, yeye pia alikuwa nalo. Nikafikiri, labda huyu ni mimi niliyesukuma mlango. Labda kuna siku, katika ujana ninaoupitia nikienda mtoni, njia iligawanyika, mmoja wetu akashika adabu na mwingine akashika koti. Akanitazama vilevile, kama mtu aliyeona picha yake kwenye nyumba asiyoijua.

Yeye anangoja karibu. Mimi nangoja hodi.

Fikiria mlango, na watu wawili pande mbili, kila mmoja ana nusu ya ufunguo na anadhani anao mzima. Tukasimama. Tulisimama hata nikaona nywele zake zinaota mvi, zinarudi nyeusi. Watoto wenye udongo kwenye paji wakakua, wakaoana, wakazaa, wakarudi kuwa watoto. Mtu wa koti akanisogelea akanong'ona kwamba nilikuwa nangojwa. Nikamwambia najua. Nikauangalia mtondoo kwa pembe ya jicho, ule msalaba unang'aa mweupe, na ulimi wangu ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Ka. Silabi ya kwanza ilikuwa nyuma ya meno. Kwa ajili yako, Sikitu. Ri. Nani ataniuliza? Nitafunga macho. Bu. Hapana. Ndiyo. Sikitu, jibu wewe, mimi nimeshindwa.

Vuli ikapiga chafya.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagwa. Kipaza sauti kikalia kama paka, kikafa. Watu wa makoti wakakimbilia magari, zulia likageuka uji wa nyanya. Upepo ukaugeuza mwavuli wa Chande ndani nje, mbavu juu. Watu wetu wakajifunika migomba wakaanza kula vitumbua, kwa sababu mvua ndiyo mgeni waliyemngoja na mgeni ameshafika. Mkubwa peke yake hakukimbia. Kurudi nyuma kungekuwa kukataliwa mbele za watu, na namna ya kusonga mbele hakuijua. Maji yakamshuka kwenye pua ile yangu. Koti likamlemea. Nikaona anatetemeka, na nilifurahi, sitaficha.

Bi Tatu akapaza sauti kutoka chini ya jani lake, mdomo umejaa: "Jamani, mwambieni mgeni mlango una neno lake."

Mkubwa akamtazama Chande. Chande akatazama miguu yake. Akanitazama mimi, mimi nikatazama mvua. Sikuwa na deni la kumfundisha. Lakini kila mtu alikuwa na mama. Nikaona midomo yake inatafuta, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, na sauti iliyotoka haikuwa ya koti, ilikuwa ya mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani.

"Hodi."

Kimya. Mvua tu. Ah, kimya kitamu. Nilikionja kama asali ya mzinga mpya. Ngoja, Mkubwa. Ngoja alivyongoja yeye.

"Hodi," akasema tena.

Kimya. Nikaona mlango wa buluu. Nikasikia kicheko cha kikao. Nikasema moyoni, Msitu, uwe na kikao. Kuwa na kikao leo tu. Mwache aite ya tatu, ageuke, arudi na baridi yake.

Akavua kofia. "Hodi, jamani."

Ko.

Tondoo moja lilianguka. Upepo ulikuwa umeacha. Likapiga ubavu wa mwavuli uliogeuka, likadunda, likaviringika juu ya zulia lililolowa mpaka likagusa kiatu chake, likatulia. Nilitazama juu kuona tawi. Sikuwa na haja. Nilijua ni tawi la nani.

"Vua viatu, baba," Bi Tatu akasema kwa upole ambao mimi shemeji yake sijawahi kupewa.

Mkubwa akavua, akaliokota tondoo. Akaingia na soksi, akipita ubavuni pangu bila kunigusa, akaenda moja kwa moja kwenye kivuli kilicho karibu kuliko vyote, akauegemea mtondoo kwa mgongo, akafumba macho, akahema. Mle ndani mvua ilikuwa inasikika tu, kilichofika ni matone. Nikasimama nje na hasira yangu mkononi kama mtu aliyebeba sahani ya msibani, harusi imeshaanza. Kisha nikapiga hodi, nikajibiwa, nikamfuata. Sitamwacha mke wangu na mwanamume nisiyemjua.

Tulikaa chini. Unapoangalia uso wako mwenyewe ukiwa umechoka, matusi uliyoyatunza yanakuwa magumu kuyatoa. Tondoo alikuwa nalo kiganjani, analigeuzageuza. Akaliweka kwenye kidimbwi miguuni pake. Likaelea.

"Wewe hukusema karibu," akaniambia.

"Sikusema."

"Basi nani aliyesema?"

"Mke wangu."

Akatazama huku na huku, akaanza kujiweka sawa, akafunga kifungo cha koti. "Yuko wapi, nimshukuru?"

"Umemwegemea," nikamwambia.

Aliinuka polepole, kama anavyoinuka mtu aliyegundua kuwa amekalia kitanda chenye mgonjwa. Akageuka, akauangalia mti kuanzia chini hadi juu. Kisha akainamisha kichwa, akapita, akatoka kwenye mvua iliyokuwa inakonda, viatu mkononi.

Hapo ndipo nilipoona. Shina la mtondoo lilikuwa jeusi, limelowa, safi. Na mgongoni mwa koti lake, kutoka bega hadi bega na kutoka ukosi hadi kiunoni, ulikuwa umeganda msalaba mweupe wa chokaa.

Sikumwambia. Alitembea nao mpaka kwenye magari. Chande akauona, akaiangusha ndoo ya maji ya mvua aliyokuwa akiisogeza. Watu wa makoti wakashuka wakauona, wakatazamana, mashoka yao yako ndani ya magari, sheria yao wanaijua kwa moyo, na hakuna aliyethubutu kuuliza mwenzake kinachokatwa leo ni kipi.

Bi Tatu akaniletea kitumbua kupitia kwenye majani, amepiga hodi kwanza. Hakikuwa kimeungua. Nikakimega, nusu nikaiweka kwenye mizizi, nusu nikala, nikaanza kumsimulia Sikitu habari za siku, ingawa yeye ndiye aliyezifanya.